Walioruka Chinichini



Kila ninaposikiliza kumbukumbu za marubani wa helikopta waliopigana Vietnam, nasubiri kusikia jambo moja kabla ya mengine yote: huyu alikuwa akiruka kimo gani? Miezi aliyokaa vitani tutaifikia baadaye, na nishani alizovikwa vilevile. Katika vita ile, futi 1,500 kutoka ardhini ndipo rubani alipoweza kushusha pumzi, kwa sababu risasi za bunduki za kawaida zilipofika huko zilikuwa zimeishiwa nguvu na shabaha. Aliyeshinda juu huko alirudi kwao na kumbukumbu za msitu, mto unaojikunja, moshi unaopanda, na sauti za wenzake kwenye redio. Aliyepita usawa wa vilele vya miti alirudi na kumbukumbu za watu.

Nina dai, nami nalisema mapema ili mnipime nalo: kadiri helikopta ya mashambulizi ilivyoboreshwa, ndivyo aliyeirusha alivyosogezwa mbali na wale aliowapiga, na masimulizi ya askari wastaafu ndiyo yanayotuonyesha jambo hilo waziwazi kuliko ripoti yoyote ya makao makuu.

Tuanze na historia, kwa kifupi. Marekani ilipolifanya Jeshi la Anga lijitegemee mwaka 1947, Jeshi la Nchi Kavu liliachiwa vindege vidogo na helikopta. Mwaka 1962 kamati iliyoongozwa na Jenerali Hamilton Howze ilipendekeza kwamba askari wa miguu wapelekwe vitani kwa helikopta, waletewe risasi kwa helikopta, na wakijeruhiwa waondolewe kwa helikopta. Divisheni ya majaribio ikaundwa Fort Benning, Georgia. Julai 1965 ikapewa jina la zamani la Divisheni ya Kwanza ya Wapanda Farasi, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa Vietnam ikiwa na helikopta zaidi ya 400.

Helikopta hizo zilihitaji marubani, tena upesi. Kijana aliyemaliza sekondari bila kukanyaga chuo kikuu aliruhusiwa kuomba kozi ya urubani na kutoka akiwa afisa mteule. Alianzia Fort Wolters, Texas, akamalizia Fort Rucker, Alabama. Wengi walifika Vietnam wakiwa na miaka 20 au 21. Rubani Robert Mason, ambaye kitabu chake Chickenhawk kilitoka mwaka 1983, anaanzia pale shuleni, katika mahangaiko ya kujifunza kuelea: kuiweka helikopta hewani mahali pamoja, mkono huu ukifanya hili, ule ukifanya lile, na miguu yote miwili ikiwa kazini. Naelewa kwa nini anaanzia pale. Ndipo mwili wa kijana ulipofundwa kufanya kazi bila kuuliza akili, na ndiyo sababu wazee wa miaka 75 na 80 hadi leo, wakisimulia, mikono yao hushika usukani usiokuwepo.

Chombo kilichobeba kazi kubwa kilikuwa UH-1, ambacho askari wote walikiita Huey. Kiliruka mara ya kwanza mwaka 1956. Kilikuwa na panga mbili tu juu yake, pana, na ndizo zilizotoa ule mpigo mzito unaosikika maili kadhaa kabla helikopta haijaonekana. Ndani walikaa watu wanne: marubani wawili mbele, na nyuma, penye milango iliyofunguliwa au kung'olewa kabisa, fundi wa helikopta na mpiga rashasha. Huyo fundi naomba tumpe heshima yake. Mchana alikaa mlangoni na bunduki. Usiku, marubani wakiwa wamelala, alibaki na tochi na spana akitafuta matundu ya risasi na mafuta yanayovuja, kwa sababu kesho yake angepanda helikopta ileile. Marubani walibadilishwa huku na huku, naye akabaki na chombo chake. Katika kanda nyingi za masimulizi, anayejua nani alifia wapi ndani ya helikopta gani ni fundi. Ndiye aliyesafisha sakafu.

Tarehe 14 Novemba 1965, katika bonde la Ia Drang, batalioni ya Luteni Kanali Hal Moore ilitua mahali palipopewa jina la X-Ray na kujikuta imezingirwa na askari wa Vietnam ya Kaskazini waliokuwa wengi kuliko wao mara kadhaa. Risasi zilipozidi, helikopta za kubeba majeruhi hazikutua. Meja Bruce Crandall na Kapteni Ed Freeman, marubani wa Huey za kubeba askari, zisizo na silaha, walijitolea kwenda. Waliingia na risasi na maji, wakatoka na majeruhi. Crandall aliingia mara 22 siku ile, Freeman mara 14. Nishani ya Heshima, iliyo kubwa kuliko zote kwao, ilimfikia Freeman mwaka 2001 na Crandall mwaka 2007. Miaka 35 na zaidi kusubiri neno la asante! Sina namna ya kulipamba hilo.

Michael Novosel namtaja kwa sababu kisa chake kinanigusa kila nikikikumbuka. Huyu alikuwa amerusha ndege kubwa za mabomu aina ya B-29 katika Vita Kuu ya Pili. Vita ya Vietnam ilipopamba moto alikuwa luteni kanali wa akiba katika Jeshi la Anga, nao wakaona amepita umri. Akakiacha cheo hicho, akaenda Jeshi la Nchi Kavu kuwa afisa mteule, na kupewa Huey ya kubeba majeruhi. Tarehe 2 Oktoba 1969, akiwa na miaka 47, karibu na mpaka wa Kambodia, alirudi mara kwa mara kwenye majani marefu yaliyojaa risasi, bila helikopta yoyote yenye silaha ya kumlinda, akaokoa askari 29 wa Vietnam ya Kusini. Mwanawe naye alikuwa rubani katika kikosi hichohicho. Mwana akaangushwa, baba akaenda kumchukua. Siku chache baadaye baba akaangushwa, mwana akaja kumchukua. Mtu aliyewahi kuangusha mabomu kutoka maelfu ya futi angani alimaliza kazi yake akitafuta watu mmoja mmoja kwenye majani.

Sasa tuje kwenye helikopta ya mashambulizi yenyewe.

Mwanzoni walichukua Huey na kuifunga roketi na rashasha. Ilifaa, lakini ilikuwa nzito na ya polepole. Ilishindwa hata kwenda sambamba na zile za abiria ilizotakiwa kuzilinda. Kampuni ya Bell ikachukua injini na mitambo ya Huey, ikaitengenezea mwili mpya mwembamba, chini ya mita moja upana, wenye viti viwili kimoja nyuma ya kingine. Mbele alikaa mpiga silaha, nyuma yake, juu kidogo, rubani. Hiyo ndiyo AH-1, Cobra. Iliruka mara ya kwanza Septemba 1965, na mwaka 1967 ilikuwa imefika Vietnam. Puani ilikuwa na kichwa kinachozunguka chenye bunduki ya kasi na kirusha mabomu madogo, na ubavuni, roketi.

Marubani waliipenda, na mimi siwalaumu. Sikilizeni mtu aliyeirusha: anaeleza jinsi ilivyoinamisha pua na kushuka, jinsi askari waliozingirwa chini walivyobadilika sauti redioni walipoambiwa kwamba Cobra mbili zimefika. Kuna wanaume wanaolea wajukuu leo kwa sababu ya sauti ile. Hilo ni kweli, na anayezungumzia silaha hii bila kulisema hatendi haki.

Lakini wale waliotoka kwenye Huey zenye silaha na kuhamia Cobra waliona kitu kimepungua. Ndani ya Huey walikuwa wanne, milango wazi. Fundi na mpiga rashasha walisikia risasi zikipigwa kutoka chini, walinusa moshi, waliinama nje na kumwona aliyejificha nyuma ya kichaka. Kwenye Cobra wakawa wawili, wamefungiwa ndani ya kioo, na masikio yao yamejaa sauti za redio. Silaha ilikuwa bora, na macho na masikio ya watu wawili yakawa yameachwa kambini. Marubani wenyewe walilalamika hivyo wakati uleule.

Jeshi lililijibu pengo hilo kwa kuwapa Cobra mtazamaji. Katika vikosi vya upelelezi wa angani, kama vile Kikosi cha Tisa cha Wapanda Farasi, helikopta ziliondoka mbilimbili. Juu, futi 1,500 au zaidi, Cobra ilizunguka. Chini, ikigusa majani, ilitangulia OH-6, helikopta ndogo yenye umbo kama la yai, ambayo askari waliiita Loach. Kazi ya Loach ilikuwa kutazama. Rubani na mwenzake walisoma njia za msituni: nyasi zilizokanyagwa asubuhi hii au juzi, matope yaliyotibuka kwenye kijito, moshi wa jiko, nyayo zilizojaa maji na zile ambazo bado kavu. Walipita polepole kiasi kwamba upepo wa panga zao ulifunua majani na kuonyesha aliyelala chini yake. Rubani wa Loach aliongea bila kukoma, akieleza kila anachokiona, na kule juu mpiga silaha wa Cobra aliandika maneno yake kwa kalamu ya nta kwenye kioo. Bunduki ilipolia, Loach ilitupa moshi wa rangi na kukimbia, na Cobra ikashuka.

Mwaona mgawanyo ulivyokuwa? Mmoja aliona, mwingine akaua. Na aliyeona ndiye aliyekufa zaidi: zaidi ya helikopta 800 za aina ya Loach ziliangamia Vietnam. Kwa jumla, hesabu za chama cha marubani wa helikopta wa vita ile zinasema helikopta karibu 12,000 zilihudumu huko, zaidi ya 5,000 zikaangamia, na marubani pamoja na watumishi wa ndani karibu 4,900 wakafa.

Nimefika mahali ambapo nataka tukae.

Asubuhi ya tarehe 16 Machi 1968, kombania ya askari wa miguu iliingia katika vitongoji vya Son My, jimbo la Quang Ngai. Dunia inakiita kijiji kile My Lai. Juu yao ilipita helikopta ndogo ya upelelezi, OH-23, iliyo nzee kuliko Loach, ikilindwa na Huey mbili zenye silaha. Rubani wake alikuwa Afisa Mteule Hugh Thompson, mwenyeji wa Georgia, miaka 24. Pamoja naye walikuwa Glenn Andreotta, miaka 20, na Lawrence Colburn, miaka 18. Kazi yao ilikuwa kutazama.

Waliwaona wanavijiji waliojeruhiwa wakiwa wamelala shambani, wakawawekea moshi wa kijani, maana yake: hapa kuna mtu anayehitaji matibabu. Waliporudi baada ya kujaza mafuta, watu wale walikuwa maiti. Walimwona kapteni wa kombania ile akimsogelea mwanamke aliyejeruhiwa na kumpiga risasi, nao wakiwa karibu kiasi cha kuona kila kitu. Waliona mtaro uliojaa miili, na miili mingine ilikuwa bado inajongea. Thompson alitua, akaenda kuwauliza askari wenzake kinachoendelea, akajibiwa mambo yasiyoeleweka. Alipoondoka, bunduki zikalia tena mtaroni.

Kisha akaona kundi la wanavijiji, wazee, wanawake na watoto, wakikimbilia handaki, na askari wa Marekani wakiwafuata. Akaishusha helikopta yake katikati ya makundi hayo mawili. Aliwaambia Andreotta na Colburn kwamba askari wale wakianza kuwapiga raia, nao wawapige askari. Halafu akatoka, bila kuinua silaha, akaenda handakini kuwaita watu watoke. Hakuwa na nafasi ya kuwabeba. Akawaita redioni marubani wa zile Huey zenye silaha, nao, waliotumwa siku ile kushambulia, wakatua na kuwaondoa wale watu. Kabla ya kuondoka, Andreotta aliingia ndani ya mtaro, akatembea juu ya miili, akatoka na mtoto mdogo aliyekuwa hai. Walimpeleka hospitali ya Quang Ngai.

Thompson aliporudi kambini alipaza sauti kwa wakubwa wake, na amri ya kusimamisha mauaji ikatoka. Mnara wa kumbukumbu kule Son My una majina ya watu 504.

Nawaomba mfikirie mahali watu wale watatu walipokuwa wamekaa. Siku ileile makamanda walizunguka juu ya kijiji kilekile kwenye helikopta zao, juu sana, wakiongoza operesheni kwa redio. Kutoka huko juu, kijiji kinachoungua ni moshi. Thompson hakuwa na darubini bora wala cheo kikubwa. Alikuwa na helikopta dhaifu yenye kioo mbele, iliyoruka chini kiasi cha kutofautisha mtoto aliyekufa na mtoto anayepumua, tena chombo kinachoweza kutua popote. Ushujaa ulikuwa wake, hilo siligusi. Ila nashikilia kwamba bila kimo kile, ushujaa huo usingekuwa na cha kushika.

Andreotta aliuawa vitani tarehe 8 Aprili mwaka uleule, majuma matatu baada ya siku ya mtaro. Hakuacha kanda wala kitabu. Thompson aliendelea kuruka, akaangushwa na kuvunjika mgongo. Habari zilipotoka, zilitokana kwa sehemu kubwa na mtu mwingine wa helikopta, Ron Ridenhour, mpiga rashasha wa mlangoni, aliyesikia kisa hicho kwa marafiki, akakusanya maneno yao, na Machi 1969 akawaandikia wabunge. Thompson alipotoa ushahidi Washington, mbunge mmoja mkubwa alisema kwamba, katika kisa kizima, anayestahili adhabu ni yeye. Aliletewa vitisho kwa simu. Waliowahi kuwa marafiki walimgeuzia kisogo kwenye vilabu vya maafisa. Ilichukua miaka 30: tarehe 6 Machi 1998, mbele ya ukuta wa majina ya wafu wa Vietnam pale Washington, yeye na Colburn walivikwa Nishani ya Askari, na Andreotta akapewa yake akiwa kaburini. Wakubwa walitaka sherehe ya kimyakimya. Thompson alikataa, alitaka iwe hadharani, na wenzake wote wawili wawemo.

Siku chache baadaye alirudi Son My pamoja na Colburn, akakutana na wanawake waliookolewa siku ile. Mmoja wao alimwuliza kwa nini wale walioua hawakuja naye. Thompson alikuwa akisimulia kwamba swali lile lilimvunja moyo, hadi mama yule alipomalizia: wangekuja, ili tuwasamehe. Thompson alikiri kwamba yeye mwenyewe hakuweza kufika huko. Alifariki Januari 2006, Louisiana, ambako alikuwa amefanya kazi ya kuwashauri askari wastaafu wenzake. Colburn alikuwa kando ya kitanda chake.

Kumbukumbu za wale waliokuwa chini ya helikopta zina elimu yake. Wakulima wa Vietnam walijifunza jambo ambalo kwa masikio yetu linatisha: ukiisikia helikopta uko katikati ya shamba la mpunga, usikimbie. Anayekimbia huhesabiwa kuwa adui. Lakini ukisimama tuli, nako unatiliwa shaka. Kwa hiyo unaendelea kufanya kazi yako mgongo ukiwa umeinama, jembe mkononi, upepo wa panga ukikuvua kofia, na hapo juu yuko kijana wa miaka 20 anayepima kama wewe ni mkulima. Hao wawili, mkulima na kijana, wana kumbukumbu ya dakika moja, kila mmoja kutoka upande wake. Vitabu vya upande wa juu vimejaza rafu za maktaba. Bunge la Marekani lilianzisha mwaka 2000 mradi mzima wa kurekodi askari wao, ukiwekwa chini ya Maktaba ya Bunge, na ni kazi njema. Upande wa chini, waliorekodiwa ni wachache mno.

Turuke miaka. Cobra ilirithiwa na Apache, AH-64, iliyoingia jeshini katikati ya miaka ya 1980. Hii ni mashine ya usiku. Puani ina kamera zinazosoma joto la mwili, na rubani huvaa kijioo mbele ya jicho lake la kulia kinachomletea picha na tarakimu, huku jicho la kushoto likitazama giza. Kwa hiyo huweza kukaa mbali, mara nyingi kilomita kadhaa, na aliyelengwa asisikie chochote. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Januari 1991, Apache nane zilivuka mpaka wa Iraki zikiongozwa na helikopta za Jeshi la Anga na kuvunja vituo viwili vya rada. Hiyo ndiyo mipigo iliyofungua vita ya Ghuba.

Tarehe 12 Julai 2007, jijini Baghdad, Apache mbili zilipiga kundi la wanaume waliokuwa mtaani. Miongoni mwao walikuwa watumishi wawili wa shirika la habari la Reuters, Namir Noor-Eldeen na Saeed Chmagh; kamera ya mpiga picha ilidhaniwa ni silaha. Gari lilipofika kumchukua majeruhi, nalo likapigwa. Ndani mlikuwa na watoto wawili. Picha za tukio zilizorekodiwa na mtambo wa Apache wenyewe zilitolewa hadharani Aprili 2010, na mamilioni ya watu waliziona. Wengi walikasirishwa na maneno ya waliokuwa angani. Nilikasirika pia. Lakini kilichonikaa zaidi ni kile kinachopita upesi pembeni mwa picha: askari wa miguu anakimbia, amebeba mtoto. Huyo ni Ethan McCord. Yeye ni mmoja wa waliolifikia gari lile. Ndiye baadaye aliyeandika, pamoja na mwenzake wa kombania, barua ya wazi ya kuomba radhi kwa watu wa Iraki. Jeshi moja, mtaa mmoja, saa moja. Aliyeshika mtoto ndiye asiyeweza kunyamaza.

Mtaniambia, kamera ya Apache inaona vizuri kuliko jicho la Thompson. Inaona, nakubali. Ila yule aliyekaa nyuma yake hawezi kupaza sauti akasikika, hawezi kushuka akauliza, na anachokiona hakina harufu. Marubani wa Kiowa, helikopta ndogo ya upelelezi iliyopigana Iraki na Afghanistan, walilisema hilo kwa namna yao: waliruka milango ikiwa imeondolewa, bunduki zao za mkononi magotini, na askari wa miguu waliwapenda kwa sababu walikuwa karibu kiasi cha kupungiana mikono. Kiowa za mwisho za kivita zilitoka katika vikosi vya Marekani mwaka 2017. Helikopta mpya iliyokusudiwa kushika kazi hiyo ilifutwa Februari 2024, kabla haijaingia jeshini, na sababu iliyotolewa na wakuu ni kwamba upelelezi wa namna hiyo sasa utafanywa na ndege zisizo na rubani pamoja na setilaiti. Kwa hesabu ya uhai wa askari wao, uamuzi huo unaeleweka. Nimewatajia idadi ya Loach zilizoangamia. Ila kiti alichokalia Hugh Thompson kimefutwa pamoja na helikopta hiyo, na sijasikia wakuu hao wakilizungumzia hilo.

Kabla muda haujaniishia, nina ombi kwa wasikilizaji wetu wa Kivu Kaskazini, nchini Kongo, na kwa wanajeshi wetu wa Tanzania waliokuwa huko. Mapema Novemba 2013, katika vilima vya Chanzu na Runyonyi, wilaya ya Rutshuru, helikopta za mashambulizi za Afrika Kusini aina ya Rooivalk zilipiga ngome za waasi wa M23. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Rooivalk kupigana tangu zitengenezwe. Zilikuwa upande wa Umoja wa Mataifa, zikiisaidia brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi iliyoongozwa na Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania, na waasi walishindwa. Marubani wale wameandikwa magazetini kwao na kupongezwa. Lakini vilima vile vina mashamba ya maharagwe na viazi, na vina wenyewe. Mlijificha wapi? Mliitambuaje helikopta ya kupiga na ya kubeba chakula? Nani aliwaambia watoto walale chini, na nani aliwatoa? Nanyi vijana wetu mliokuwa kwenye mahandaki, mkiitazama ikipita juu ya vichwa vyenu kuelekea kilimani, mlimwona nani upande wa pili? Tuandikieni, au mtutumie sauti zenu kwa simu. Tutazisoma na kuzisikilizisha katika kipindi hiki kama mlivyozitamka, ziwe fupi, ziwe ndefu.